TUENDE KWA MWENDO WA WANAONYONYA

Neno la mwezi kwa familia zetu za Bujumbura. Masomo: Mwanzo 33:12-17, Kutoka 2:1-10, Isaya 40:11



Tunawasalimu ninyi nyote mnaosoma karatasi hii: ninyi wa Bwiza na Buyenzi, wa Kamenge, Kinama na Buterere, wa Musaga na Kanyosha. Tunawasalimu pia ndugu zetu walio kambini, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda na Musasa, na ninyi mliovuka mto Rusizi mwezi wa pili mwaka 2025, mkalala uwanjani Rugombo kule Cibitoke, kisha mkapelekwa Musenyi. Mungu aliyewavusha ndiye anayewalinda hadi leo. Jina lake lihimidiwe.

Mwezi huu tumependa kulitafakari Neno juu ya jambo ambalo husemwa jikoni na kisimani, lakini mimbarani halifiki. Ni habari ya mabinti na akina mama wetu wanaojifungua, na kabla ya kitovu cha mtoto kupona vizuri, wanafikiri juu ya daftari. Wengine ni wanafunzi wa sekondari ambao mimba iliwakuta darasani. Wengine ni wake za watu wanaosoma unesi, ualimu, au Chuo Kikuu. Hali zao si moja, lakini wote wana swali moja: nikirudi shule, mtoto atanyonya nini?

Swali hilo si dogo. Katika nyumba tunazozitembelea tumeliona mara nyingi. Binti anarudi darasani wiki ya tatu kwa sababu mitihani iko karibu, naye anaogopa kupoteza mwaka. Asubuhi anamwacha mtoto kwa bibi. Saa nne matiti yamejaa, yanauma kama jipu, na shati la shule limelowa. Wavulana wanacheka. Anasema tumbo linamsumbua, anaomba ruhusa, anakaa chooni akilia. Nyumbani bibi naye hana ubaya; mtoto analia, anampa maji ya sukari, kesho uji mwepesi. Mwezi unapokwisha maziwa ya mama yamepungua, na mtoto anaharisha. Ndipo watu wanatuita tuje kuomba. Tunaomba, ndiyo. Lakini Mungu aliyetupa maombi alitupa pia maarifa, naye anapenda tutumie vyote viwili.

YAKOBO ALIJUA MWENDO WA KUNDI LAKE

Yakobo alikuwa mkimbizi kama sisi. Aliondoka kwao kwa kuogopa kuuawa na ndugu yake, akaishi ugenini kwa Labani miaka ishirini. Siku ya kurudi alimwona Esau akija na watu mia nne. Moyo wake ulitetemeka. Lakini Mungu alikuwa amekwisha kumlainisha Esau, wakakumbatiana, wakalia. Ndipo Esau akatoa shauri jema: tuondoke sasa, twende wote.

Yakobo angeweza kukubali mara moja. Nani angekataa kusindikizwa na watu mia nne baada ya hofu ile yote? Lakini aligeuka akatazama nyuma. Aliona watoto wadogo waliochoka, akaona mifugo yenye vinyonyao. Akamjibu Esau kwa unyenyekevu kwamba kundi la namna hii likikimbizwa siku moja tu, lote linakufa. Akamwomba ndugu yake atangulie, naye atakuja taratibu, kwa kadiri watoto na wanyama watakavyoweza kutembea.

Wapendwa, tusome vizuri hapo. Yakobo hakusema, "Kwa kuwa nina wanyonyao, safari imekwisha, tutakaa hapa porini maisha yetu yote." Wala hakusema, "Tuwaache hawa wadogo, wakubwa twende mbele." Safari ilibaki palepale, kilichobadilika ni mwendo. Na mstari wa 17 unatuambia kwamba alipofika Sukothi alijijengea nyumba, na mifugo akaijengea vibanda. Mtu mwenye wanyonyao huwaza kivuli kabla ya kuwaza mwendo wa kesho.

Katika nyumba zetu tunasikia sauti mbili. Ya kwanza inamwambia binti, "Umeshazaa, masomo yamekwisha, kaa ulee." Ya pili inamwambia, "Sahau mambo ya kunyonyesha, mpe bibi mtoto, wewe soma." Sauti ya kwanza inamzuia asifike. Ya pili inamwacha mdogo njiani. Sisi wakimbizi tunajua thamani ya elimu kuliko wengi: nyumba ilibaki Uvira, shamba lilibaki Fizi, ng'ombe walichukuliwa, lakini ulichojifunza hakuna askari wa kizuizini aliyeweza kukunyang'anya. Basi hatuwezi kumwambia binti aache shule. Na tunajua pia thamani ya uhai wa mtoto, maana wengine wetu tulizika watoto njiani. Basi hatuwezi kusema habari za maziwa si kitu.

Isaya anamwonyesha Mungu mwenyewe kama mchungaji ambaye wana-kondoo amewabeba kifuani, na wale wanaonyonyesha anawaongoza kwa upole. Ikiwa Mwenyezi anapunguza mwendo kwa ajili ya mama anayenyonyesha, kanisa lake litakimbia liende wapi?

MIRIAMU ALIMLETA MAMA KWA MTOTO

Twende Misri. Yokebedi alimzaa Musa wakati amri ya mfalme ilikuwa kuua watoto wa kiume. Alimficha miezi mitatu. Alipoona haiwezekani tena, akamtia katika kisafina cha mafunjo, akakiweka majini penye majani. Hapo mama na mtoto wakatengana, si kwa kupenda bali kwa nguvu za wakati.

Sasa tumwangalie yule dada. Miriamu hakuwa na maziwa. Hakuwa na fedha, wala hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa na macho na miguu. Alisimama mbali akiangalia. Binti Farao alipomfungua mtoto na kumkuta analia, Miriamu akasogea akauliza kama amtafutie mlezi wa kumnyonyesha. Akakimbia, akamleta mama yake mwenyewe. Musa akarudi kwenye titi lake, na juu ya hayo Yokebedi akalipwa mshahara kwa kumnyonyesha mwanawe!

Mtoto yule aliyenyonya ndiye aliyelitoa taifa utumwani. Kati ya kisafina na Bahari ya Shamu palihitajika msichana mmoja wa kukimbia na kurudi. Ndugu zangu, katika mitaa yetu shule nyingi haziko mbali na nyumba. Kutoka nyumba nyingi za Kinama mpaka shuleni ni dakika kumi au ishirini kwa miguu. Je, hakuna Miriamu katika ushirika wetu wa kumfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, kumfikisha karibu na shule saa ya mapumziko, na kumrudisha nyumbani ameshiba?

Tena tunauliza: milango ya kanisa inafungwa Jumatatu mpaka Jumamosi kwa sababu gani? Pale ambapo kanisa liko karibu na shule, chumba cha shule ya Jumapili kinatosha. Mkeka, maji safi ya kunawa, sabuni, na pazia la mlango. Binti atakaa dakika ishirini, atamnyonyesha mtoto wake au atakamua maziwa, kisha atarudi darasani. Hilo halihitaji mradi wala mfadhili.

MTOTO HANA HATIA YA NJAA

Tunajua lipo neno gumu. Wapo wasemao, "Huyu binti alianguka dhambini. Tukimsaidia, wengine watafanya vilevile." Neno hilo tusilidharau, kwa kuwa linatoka kwa wazazi wanaoogopa kuwapoteza binti zao. Lakini tulipime kwa Maandiko.

Hagari alifukuzwa na mtoto wake, na chupa ya ngozi ikaishiwa maji jangwani Beer-sheba (Mwanzo 21). Alimlaza kijana chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali asimwone akifa. Andiko linasema Mungu aliisikia sauti ya kijana. Hakuanza kwa kuuliza habari za ugomvi wa Sara na Hagari, nani alikosa na nani alionewa. Alimfungua mama macho aone kisima. Kwanza maji.

Maonyo ya kanisa yana mahali pake, na mchungaji anajua namna ya kukaa na binti na wazazi wake. Lakini maonyo hayawezi kufika mpaka kinywani mwa mtoto wa wiki tatu. Tukimtenga binti hadi akose mtu wa kumshikia mtoto, hukumu hiyo inamwangukia asiyejua hata jina lake. Wala tusisahau: mara nyingi yule kijana aliyemtia mimba yuko darasani, shati lake kavu, hakuna anayemcheka. Familia yake nayo iitwe kwa upole, ilete sabuni, maharagi na franka za daftari. Toba isiyofika jikoni bado ni changa. Na kama binti alilazimishwa kwa nguvu, au aliyemfanyia hivyo ni mtu mzima, hiyo ni jinai. Alindwe, apelekwe haraka hospitali na kwa wahusika wa sheria. Asifanywe mkosaji.

Hata serikali za nchi zetu zimekuwa zikijadili jambo hili. Hapa Burundi, mwezi wa sita mwaka 2018, Wizara ya Elimu iliandika kwamba wasichana wajawazito na mama wadogo, pamoja na wavulana waliowatia mimba, hawatakuwa na nafasi tena katika shule za kawaida. Amri hiyo ikafutwa mwaka huohuo. Tanzania, ambako wengi wetu tuna ndugu Nyarugusu, iliwafungulia mama wadogo mlango wa kurudi shule mwezi wa kumi na moja mwaka 2021. Kenya ilikuwa na utaratibu wa kuwarudisha tangu 1994. Na mwongozo wa Uganda wa mwaka 2020 unataka mama mwanafunzi arudi mtoto akiwa amefikisha angalau miezi sita. Basi binti asidanganywe na jirani kwamba sheria imemfungia. Mzazi aende naye kwa mkuu wa shule, aulize kwa adabu, aandikishwe.

Lakini kufunguliwa mlango ni jambo moja, na kupewa nafasi ya kunyonyesha ni jingine. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unasema mama mfanyakazi apewe mapumziko ya kila siku ya kunyonyesha. Mkataba huo ni wa wafanyakazi. Mwanafunzi hatajwi humo. Nafasi yake itatoka kwa mwalimu mwenye huruma na kwa kanisa lenye macho.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Sasa tuseme mambo ya mikono. Akina mama wetu waliosoma uuguzi wametusaidia kuyapanga. Msomeeni yule asiyejua kusoma.

1. Maziwa ya mama peke yake, miezi sita. Ndivyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanavyofundisha: bila maji, bila uji, bila maziwa ya ng'ombe, kisha chakula kiongezwe na mtoto aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya njano ya siku za kwanza yasimwagwe, ni kinga ya mtoto. Wenyeji wetu Warundi wanatufundisha hapa: katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017, zaidi ya watoto wanane katika kila kumi wenye umri wa chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya tu.

2. Wiki sita za kwanza zina uzito. Ndizo ambazo mwili wa mama hujifunza utoe maziwa kiasi gani. Ikiwezekana binti azipate zote nyumbani, na wenzake wamletee masomo ya kunakili. Ikiwa mtihani unamlazimisha kurudi mapema, aanze kujizoeza kukamua siku kadhaa kabla. Asingoje asubuhi ya kwanza ya shule.

3. Kukamua kwa mkono hakuhitaji fedha. Wapo wenye pampu ya kukamulia, nayo ni nzuri ikiwa vipande vyake vinaoshwa na kuchemshwa kila mara. Kupokezana pampu moja bila kuichemsha kunapeleka magonjwa kutoka nyumba hadi nyumba. Umeme ukikatika, mkono upo. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mdomo mpana na kifuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Kaa ukiinama kidogo mbele, kanda titi taratibu. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, kwenye ukingo wa sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Usivute chuchu, na isiume. Zungusha vidole upate pande zote. Titi moja dakika tatu hadi tano, badili, rudia, mpaka dakika ishirini au thelathini. Siku ya kwanza yatatoka matone tu. Usivunjike moyo, haba na haba hujaza kibaba.

4. Kutunza maziwa. Mji wetu uko kando ya ziwa na joto lake tunalijua. Maziwa yaliyokamuliwa yasizidi saa nne bila friji. Yawekwe kivulini, mbali na mbabula, kikombe kikiwa kimefunikwa ndani ya beseni la maji baridi. Mwenye jirani mwenye friji inayofanya kazi anaweza kuyatunza humo hadi siku nne. Kama yamepoa, yapashwe kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto. Yasichemshwe juu ya moto. Mtoto akibakiza, kilichobaki kisingoje jioni, kimwagwe ndani ya saa mbili.

5. Kikombe, si chupa. Chupa ya chuchu ni ngumu kuosha katika nyumba zetu ambapo maji yanatoka kwenye bidoni. Ndani yake hubaki uchafu wa kuharisha. Kikombe kidogo kilicho wazi huoshwa kirahisi. Mtoto ashikwe akiwa ameketi kiasi, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, naye mwenyewe alambe na kunywa. Usimmiminie, atapaliwa.

6. Kiasi gani? Baada ya mwezi wa kwanza, mtoto wa chini ya miezi sita hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima na usiku wake. Kwa hiyo mama anayekosekana saa tano aache kama mililita 150 hadi 200, agawanye mara mbili. Ni glasi moja tu. Bibi akiijua hesabu hiyo, hatakimbilia uji.

7. Mpango wa siku. Tuseme binti anasoma zamu ya asubuhi. Anyonyeshe saa kumi na moja alfajiri, anyonyeshe tena kabla ya kutoka, akamue kikombe. Saa ya mapumziko Miriamu amlete mtoto, au akamue ili matiti yasijae. Akirudi, daftari lingoje kidogo, mtoto kwanza. Jioni na usiku amnyonyeshe kila anapotaka, maana kunyonya kwa usiku kunaongeza sana maziwa. Mtoto anayepata kidogo mchana hujilipa usiku, basi wengine wafue na kupika ili mama alale anapoweza.

8. Titi likiwa gumu, jekundu, na homa ikipanda, asiache kulitoa maziwa. Aendelee kunyonyesha upande huo au akamue, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Tangu mwaka 2006 Burundi iliweka huduma ya bure kwa kujifungua na kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wakimbizi waulize kituoni, au kwa ONPRA na HCR, utaratibu wao ulivyo.

9. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asiache kunyonyesha kwa hofu, wala asijiamulie peke yake. Akimeza dawa zake kila siku bila kuruka na mtoto akapewa zake, wahudumu wa afya watamwongoza anyonyeshe kwa usalama, miezi kumi na miwili na hata kuzidi. Atakayetoboa siri yake hadharani atamjibu Mungu.

10. Mama ale. Sombe, ndagala, maharagi, lengalenga, maembe ya msimu, maji mengi. Mama mwembamba naye ana maziwa, wala matiti madogo si upungufu. Lakini mwili unaolishwa mara moja kwa siku, ukasoma, ukafua na kunyonyesha, unachoka.

KILA MMOJA NA SEHEMU YAKE

Kwenu akina bibi na mama wakwe: ninyi ndio walinzi wa kisafina. Heshima yenu ni kubwa. Tunawaomba neno moja, sukari na uji vikae kabatini mpaka mwezi wa sita. Mtoto akilia kabla ya saa yake, mbebeni, mwimbieni, mtembeeni naye uani. Si kila kilio ni njaa.

Kwenu waume: mkumbukeni Elkana. Hana alipoomba abaki nyumbani hadi Samweli aachishwe, Elkana hakumsukuma apande naye Shilo. Alimwachia afanye aonavyo vema, akamwombea (1 Samweli 1). Leo mke wako anasoma ualimu na ana mtoto wa mwezi mmoja. Ukichota maji na kuwasha mbabula, hujapoteza kichwa cha nyumba. Umemfanya Samweli anyonye.

Kwenu walimu wa shule zetu, mlio wengi katika makanisa haya: dakika ishirini kabla au baada ya mapumziko haziharibu somo la hesabu. Tumemwona mwalimu mmoja wa kike aliyemwonyesha binti chumba cha vitabu, akasimama mlangoni mwenyewe. Binti yule hakukatiza masomo. Na wavulana wanaocheka shati lililolowa wakumbushwe kwa nini wao wenyewe wako hai.

Kwenu wachungaji na wazee: andikeni majina ya akina mama watakaochukua zamu ya Miriamu, siku kwa siku, kama mnavyoandika zamu za kufagia kanisa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kwako binti: najua unasoma karatasi hii ukiwa na mtoto mapajani. Sisi sote tunaokuandikia twakuambia, Mungu hakukuchoka. Bwana wetu mwenyewe alipotaja siku za dhiki na kukimbia, aliwakumbuka kwa huruma wenye mimba na wenye kunyonyesha (Mathayo 24:19). Alijua kukimbia na mtoto mchanga ni mzigo wa namna gani. Yeye mwenyewe alibebwa hivyo kwenda Misri. Hutafika siku moja na wenzako wasio na mtoto, na labda utarudia darasa. Yakobo naye alifika baada ya Esau, lakini alifika na wote. Siku ile atakapohesabu kundi lake, Bwana hatauliza nani alikimbia kuliko wengine. Atauliza, yuko wapi yule mdogo?

TUOMBE

Ee Baba, uliyetulisha sisi kabla hatujajua kuomba, waangalie mabinti wetu wanaoshika kalamu kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine. Yapatie matiti yao maziwa na vichwa vyao akili. Wape akina bibi subira, waume moyo, walimu huruma. Ufungue vyumba vya makanisa yetu na mifuko yetu. Walinde watoto waliozaliwa ugenini, wakue, wasome, wakutumikie, popote utakapotupa kukaa. Ututembeze kwa mwendo wao, hadi tufike nyumbani mwako wote pamoja, pasipo kupungua hata mmoja. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mbaki na amani ya Bwana.

Ni sisi ndugu na dada zenu katika Kristo, Kamati ya karatasi hii pamoja na Umoja wa akina mama, Bujumbura.